Mbaraka Mwinshehe: Sauti ya Morogoro Iliyopata Makazi Kasulu na Kibondo

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

WAKATI majeshi ya Tanzania yakiwa katika Vita vya Kagera, mwezi Januari 1979, taarifa nyingine ya majonzi iliwafikia wananchi kutoka nchi jirani ya Kenya. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi kutoka Morogoro, alikuwa amefariki dunia kwa ajali ya gari katika eneo la Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Imepita zaidi ya miaka 45 tangu siku hiyo. Hata hivyo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mbali na Morogoro alikokulia na mbali zaidi na Mombasa alikofia, sauti yake haijanyamaza. Inasikika katika mabasi yanayopita barabara ya Kigoma hadi Nyakanazi, katika sherehe za harusi za Kasulu, na katika maduka ya Kibondo ambako redio huwashwa alfajiri na kuzimwa duka linapofungwa. Miongoni mwa nyimbo zake, ule unaoombwa mara nyingi ni Shida. Makala haya yanaeleza maisha ya mtunzi huyo, na sababu zilizoufanya wimbo wake kuwa mali ya watu ambao wengi wao hawakupata kumwona jukwaani.

Mji wa mkonge na muziki

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 na kukulia Morogoro, mji uliokuwa umezungukwa na mashamba ya mkonge na kupitiwa na Reli ya Kati. Mji wa namna hiyo ulikuwa na watu wa kila kabila: vibarua wa mashambani, makarani, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara na watumishi wa Serikali. Watu hao walipokutana baada ya kazi walihitaji lugha moja na burudani moja. Lugha ilikuwa Kiswahili, na burudani ilikuwa dansi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Morogoro, ingawa ulikuwa mji mdogo ukilinganishwa na Dar es Salaam, ulikuwa na bendi mbili zilizoshindana kwa miaka mingi na kuvuma nchi nzima. Moja ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, yaani mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Nyingine ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanzishwa mwaka 1948. Kijana aliyekulia katika mji huo alisikia magitaa kabla hajajua kusoma, na alijifunza mapema kwamba bendi inaweza kuwa fahari ya mji kama ilivyo timu ya mpira.

Jina la jazz na maana yake kwetu

Msomaji wa leo anaweza kujiuliza kwa nini bendi za Tanzania zilijiita jazz ilhali muziki wake haufanani sana na ule wa New Orleans au Chicago. Jambo hili lina historia yake. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na baada yake zikafuata Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz na nyingine nyingi. Neno hilo lilibeba maana ya usasa: muziki wa mjini, wenye tarumbeta, saksofoni na magitaa, unaochezwa na wawili wawili ndani ya ukumbi. Mapigo yenyewe yalitoka zaidi Kuba, kwa njia ya santuri za rumba zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930. Juu ya mapigo hayo wanamuziki wetu waliweka Kiswahili, mafumbo yake, na midundo ya ngoma za makwao.

Katika muziki wa jazz wa Marekani zipo nyimbo ambazo kila mwanamuziki hutarajiwa kuzijua na kuzipiga kwa namna yake. Mfano ni Summertime, uliotungwa na George Gershwin kwa ajili ya opera iliyooneshwa mwaka 1935, ambao tangu hapo umeimbwa na watu wengi kiasi kwamba wasikilizaji wengi hawajui ulianzia wapi. Sisi tunalo neno letu kwa nyimbo zilizofikia daraja hilo: zilipendwa. Neno lenyewe limo katika wakati uliopita, lakini matumizi yake ni ya sasa. Wimbo huitwa zilipendwa kwa sababu bado unapendwa.

Kutoka darasani hadi jukwaani

Katikati ya miaka ya 1960 Mbaraka aliacha masomo na kujiunga na Morogoro Jazz. Wakati huo Cuban Marimba ilikuwa imepata pigo kubwa, kwani mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya gari. Nafasi ya sauti kuu ya Morogoro ilibaki wazi, na ndani ya miaka michache kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na ushei aliijaza.

Alifanya hivyo kwa kuunganisha kazi tatu ambazo katika bendi nyingi hugawanywa kwa watu watatu. Alitunga, aliimba, na alipiga gitaa la solo. Upigaji wake ulikuwa safi na usio na haraka. Kila mkato wa gitaa uliposikika ulielekeza wimbo unakokwenda. Mashabiki walimpa jina la Soloist National, yaani mpiga solo wa Taifa, na jina hilo lilimfuata hadi mwisho.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Osaka nchini Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonesho ya kimataifa ya Expo 70. Kwa Taifa lililokuwa halijatimiza miaka kumi tangu Uhuru wa Tanganyika, safari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Miongoni mwa vitu ambavyo Tanzania ilichagua kuuonesha ulimwengu, ilikuwamo bendi ya dansi kutoka mji wa mkonge. Bendi iliporejea, safari hiyo iliwekwa katika wimbo, na wananchi ambao hawakuwahi kuiona hata bahari walipata kuijua Japani kwa masikio.

Muziki uliobeba habari za Taifa

Mbaraka alikuwa mtunzi wa mapenzi, kama walivyo watunzi wote wa dansi, lakini pia alikuwa mwandishi wa habari kwa njia ya gitaa. Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa katika eneo la Ismani wakati wa utekelezaji wa sera ya vijiji vya ujamaa. Tukio hilo liliitikisa nchi. Morogoro Jazz ilitoa wimbo wa maombolezo uliobeba jina la kiongozi huyo, na watu wengi wa rika la wazee wetu wanalikumbuka tukio hilo hadi leo kwa sababu ya wimbo kuliko kwa sababu ya taarifa ya habari.

Hapo panaonekana kazi ambayo muziki ulifanya katika nchi yenye magazeti machache na barabara ngumu. Sheria na taarifa rasmi zilifika vijijini kwa njia ya mikutano na redio, lakini zilikaa katika kumbukumbu pale zilipopata sauti ya kuimbika. Anayefanya kazi ya kuwaarifu wananchi hana budi kukiri kwamba katika miaka hiyo watunzi wa nyimbo walikuwa sehemu ya kazi hiyo, hata pale ambapo hakuna aliyewapangia.

Super Volcano na wimbo wa Shida

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuanzisha bendi yake, Super Volcano, iliyojulikana kwa mtindo wa Masika. Kuwa na mtindo ilikuwa desturi ya bendi za wakati huo, kama vile NUTA Jazz walivyokuwa na Msondo, na baadaye Mlimani Park wakawa na Sikinde. Kwa mtindo huo shabiki aliweza kuitambua bendi hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi na kuzitangaza, na kanda zake ni hazina kubwa, lakini aliyetaka wimbo wake uuzwe madukani ilimbidi aelekee Nairobi. Mbaraka alifanya kazi na kampuni zilizokuwa huko, na santuri zake zikatoka kwa nembo ya Polydor. Ndivyo alivyopata mashabiki Kenya kwa wingi uleule alioupata nyumbani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, lakini nyimbo hazikuhitaji hati ya kusafiria. Ziliendelea kuvuka.

Katika kipindi hiki ndipo ulipotoka Shida. Jina lake ni neno moja tu, tena neno ambalo hakuna kaya isiyolitumia. Mbaraka hakulipamba. Alilichukua kama lilivyo na kuliweka juu ya gitaa tulivu, sauti yake ikisimulia bila kulia. Huenda hiyo ndiyo siri ya wimbo huo kudumu. Wimbo unaolia huchosha, na wimbo unaohubiri husahaulika. Wimbo unaokaa na msikilizaji kama jirani aliyekuja kutoa pole hubaki naye.

Buha na Morogoro

Mtu anaweza kuuliza inakuwaje muziki wa Morogoro uote mizizi Kasulu na Kibondo, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli. Jibu liko katika mkonge.

Mwaka huohuo wa 1944, wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU. Buha, yaani nchi ya Waha inayojumuisha wilaya za Kasulu na Kibondo, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotegemewa zaidi kwa kuandikisha vibarua. Wanaume walitoka milimani, wakashuka hadi kwenye reli iliyokuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, wakapelekwa katika mashamba ya Morogoro, Kilosa na Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake ya mkataba. Wengine walirudi baada ya mkataba kumalizika, wengine walikaa miaka mingi, na wengine hawakurudi kabisa.

Manamba aliyerudi alikuja na vitu vitatu: fedha kidogo, Kiswahili cha mjini, na muziki. Katika vijiji ambako Kiha kilitosha kwa kila jambo, watu hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuimba nyimbo za dansi. Kwa hiyo jina la Morogoro lilipotajwa redioni, halikuwa jina la mahali pa mbali. Lilikuwa mahali ambapo baba alikata mkonge, ambapo kaka mkubwa alioa, au ambapo mjomba alizikwa.

Babu wa mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Alirudi Kasulu na kuishi kwa kilimo cha maharage na mahindi, na kwa miaka mingi redio yake ya betri ilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya nyumba. Betri zilipoanza kuisha aliziweka juani, na redio ilizimwa ili kuzitunza kwa ajili ya taarifa ya habari ya jioni. Kanuni hiyo ilivunjwa kwa jambo moja tu. Gitaa la Mbaraka liliposikika, redio haikuzimwa. Babu hakuwa na desturi ya kusimulia maisha ya mashambani, na wajukuu hawakuthubutu kumuuliza, lakini Shida ulipopigwa aliacha alichokuwa akikifanya, na kila mtu nyumbani alijua kwamba kwa dakika hizo chache asisemeshwe. Mengi ambayo familia hiyo inayajua kuhusu umanamba yametokana na ukimya huo.

Kumbukumbu za aina hii si za nyumba moja. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kutekeleza operesheni ya vijiji, kuanzia mwaka 1972, na kaya nyingi zilihama kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda vijiji vipya. Mwaka huohuo wakimbizi kutoka Burundi walivuka mpaka na kuingia nchini. Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya kuhama, kujenga upya na kuwapokea wageni. Wimbo wenye jina la Shida uliingia katika masikio ya watu waliokuwa tayari wanaijua maana yake.

Wimbo uliokutana na wageni

Baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, wilaya za Kasulu na Kibondo zilipokea tena wakimbizi kwa wingi. Mwaka 1996 vita vilipozuka mashariki mwa iliyokuwa Zaire, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo, wengi wao wakitoka Kivu Kusini. Hao walikuja na Kiswahili chao na rumba yao.

Rumba hiyo na dansi ya Tanzania ni ndugu. Zote zimetoka katika santuri zilezile za Kuba, na wanamuziki walivuka Ziwa Tanganyika kwenda na kurudi kwa miaka mingi. Mbaraka mwenyewe alitunga wimbo wa kuwatumia salamu Wazaire, Nisalimie Wanazaire. Kwa watu wa Kigoma, ambao huiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa hewa inapokuwa safi, salamu hizo zilikuwa za kwenda kwa jirani. Mwaka 2021 rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo inatukumbusha kwamba ndugu yake wa upande huu wa ziwa naye anastahili kutunzwa.

Haki ya mtunzi na wajibu wa wananchi

Baada ya kifo cha Mbaraka, kampuni iliyokuwa na kanda zake ilitoa mfululizo wa santuri zilizoitwa Ukumbusho. Kwa santuri hizo, na kwa kanda za Radio Tanzania ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, kizazi kilichozaliwa baada ya mwaka 1979 kiliweza kumsikia. Lakini kusikika si jambo pekee linalohusika hapa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtunzi aliyefariki mwaka 1979, muda huo unaelekea ukingoni mwishoni mwa mwaka 2029. Maana yake ni kwamba haki za warithi bado zipo leo. Anayenakili nyimbo za marehemu na kuziuza, au kuzitumia katika biashara bila idhini, anagusa mali ya watu. Mapenzi ya wananchi kwa zilipendwa hayaondoi wajibu huo, bali yanauongezea uzito.

Upo pia wajibu wa kuhifadhi. Katika nyumba nyingi za Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe bado zimo santuri na kanda za kaseti zilizonunuliwa na wazee. Nyingi zinaharibika kwa vumbi, joto la dari na unyevu wa masika. Kanda ikishaoza, kilichokuwamo hakirudi. Familia zenye vitu hivyo zinashauriwa kuvitunza mahali pakavu, kuandika majina ya bendi na nyimbo wakati wazee wanaozikumbuka wangali hai, na kumfahamisha Afisa Utamaduni wa halmashauri husika. Pamoja na kanda, yaandikwe pia maelezo ya wazee waliokwenda mkongeni. Idadi yao inapungua kila mwaka, na historia yao haijaandikwa kwa kiasi inachostahili.

Alichokiacha

Mbaraka Mwinshehe aliishi miaka 34, na kazi yake ya muziki haikuzidi sana miaka kumi na mitano. Katika muda huo aliipeleka Morogoro hadi Osaka, aliomboleza pamoja na Taifa, aliunganisha wasikilizaji wa nchi mbili zilizokuwa zimefungiana mpaka, na akawaachia watu wa kawaida wimbo wa kutaja dhiki yao bila aibu.

Hakuna sanamu yake Kasulu wala mtaa wenye jina lake Kibondo, na mtunzi aliyezikwa mbali hadai hayo. Anachodai ni kidogo zaidi: nyimbo zake zitunzwe, haki za warithi wake ziheshimiwe, na watu waliozisikiliza kwanza, wale waliorudi kutoka mkongeni na namba zao mifukoni, wasisahauliwe.